Madirisha Niliyoyafunga Mbaraki

Jumatano, 2 Aprili

Leo asubuhi, saa mbili kasoro, dirisha limeng'oka ghorofa ya tatu ya Jumba la Rehema, Mbaraki, likaanguka chini na fremu yake nzima. Si kioo kilichovunjika tu. Lilitoka ukutani lote. Chini yake alikuwa Nekesa, mama anayeuza viazi karai penye lango la jumba. Amevunjika mkono wa kulia mahali pawili, na mfupa wa nyonga umepata ufa. Upepo wenyewe haukuwa wa kutisha, ni huu wa kufungua masika ambao watu hutoka nje kuufurahia.

Nimeyajua haya kutoka kwa Barnabas, anayeshika funguo za jumba lile. Alinipigia simu kuniuliza kama namjua fundi wa kuziba tundu haraka. Hakujua anamuuliza nani. Dirisha lile nililifunga mimi.

Naitwa Jacinta. Baba yangu, Mzee Kyalo, aliletwa Mombasa na kazi ya reli, mimi nikazaliwa hapa hapa kisiwani. Nafunga madirisha na milango ya alumini, mwaka wa kumi na nne huu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa fundi wa Arnold, kontrakta, na Jumba la Rehema lilikuwa kazi yetu: madirisha mia moja na ishirini. Karatasi ya kazi ilisema kila dirisha lishikwe na boliti nane ndefu zinazoingia ndani ya zege, kwa kuwa jumba limeelekea mlango wa bahari na hakuna kinachoukinga upepo wa kusi. Arnold akaniambia nitie skrubu nne fupi, mbili kila upande, nafasi iliyobaki niijaze povu, na juu nipake silikoni nyeupe ili kusionekane kitu. Nilimuuliza mara moja. Akasema tangu azaliwe hajaona kimbunga Mombasa. Sikumuuliza tena. Binti yangu Ashley alikuwa aingie kidato cha kwanza, nami nikaogopa kukosa kazi. Nikajaza povu. Karatasi ya kumaliza kazi ilipokuja nikaitia sahihi kwamba boliti zimo.

Mchana nimemweleza yote Mzee Kombe, seremala ninayeshirikiana naye karakana pale Makadara. Hakunifariji. Aliendelea kupiga randa ubao wake mpaka mwisho, kisha akaniambia ninunue daftari, niandike kila jambo na tarehe yake, kwa sababu Arnold atakuja kusema mengine. Daftari ndilo hili.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda hospitali. Nilifika hadi mlango wa wodi, nikamwona Nekesa amelala, uso ameuelekeza ukutani. Nikarudi zangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Arnold. Alinipokea vizuri, akaagiza chai, akauliza hali ya Ashley kwa jina. Ndivyo alivyo, hapandishi sauti. Nikamwambia lile dirisha limeanguka kwa sababu halikuwa na boliti, na yaliyobaki mia moja na kumi na tisa hayana pia, na masika ndiyo kwanza yanaanza.

Akasema ameshakwenda kuangalia. Mpangaji alikuwa na mazoea ya kulisukuma dirisha kwa nguvu, ndiyo maana likalegea. Wakala wa mwenye jumba amekubali maelezo hayo na mambo yamekwisha. Kisha akanionyesha picha za tangazo lake jipya, madirisha na milango ya kuhimili dhoruba kwa nyumba zote za pwani, akasema anatafuta fundi mkuu, na amenifikiria mimi.

Nikamwuliza kama hayo mapya yatakuwa na boliti.

Akatabasamu. "Mama Ashley, sahihi kwenye ile karatasi ni ya nani? Ukinisema mimi, unajisema wewe."

Chai sikuinywa. Njia nzima kurudi Makadara maneno yale yalikuwa masikioni mwangu. Anajua kabisa ninachokiogopa, na amekiweka mezani kama sahani ya biskuti.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna kazi ya nje.

Jumanne, 8 Aprili

Kazi Mji wa Kale, nyumbani kwa Bi Mejumaa, mjane anayekaa peke yake ghorofani. Huko alumini haitakiwi upande wa nje, lazima mbao, kwa hivyo ni kazi ya Mzee Kombe, mimi ni wa kumsaidia kutia vyuma. Amemtengenezea mabamba mapya ya mvule kwa madirisha mawili yanayopigwa na upepo, kila bamba na gogo la kulikinga kwa ndani, na gogo linaingia kwenye vishikizo vya chuma tulivyovizamisha ukutani shibiri nzima.

Tulipomaliza, Bi Mejumaa akaniita chumba cha pili kunionyesha dirisha jingine. Mabamba yake yamepauka kwa jua, lakini nilipoyatikisa hayakucheza hata kidogo. Akasema hayo Kombe aliyatia mwaka aliozaliwa mwanawe wa mwisho, na huyo mwana sasa ana watoto watatu. Mzee Kombe alikuwa mlangoni akikusanya vifaa. Alisikia, lakini hata kichwa hakuinua.

Nimeona haya leo kuliko siku ile dirisha lilipoanguka.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwambia Nekesa.

Nilimkuta ameketi, mkono umefungwa plasta hadi begani, uji umewekwa kando upande asioufikia. Nikamsogezea. Hakunijua, alidhani natoka kanisani kwao. Nikavuta kiti, nikamwambia jina langu na kazi yangu, na kwamba dirisha lililomwangukia nililifunga mimi, na nilijua wakati nalifunga kwamba halikufungwa sawasawa.

Sijui nilitarajia nini. Labda matusi, na kwa kweli nilikuwa nayataka. Aliniuliza nani aliyeniambia nifunge hivyo, nikamwambia. Akauliza kama nililazimishwa. Nikasema hapana, niliambiwa tu.

Akanywa uji vijiko viwili kwa mkono wa kushoto, kisha akauliza, "Na yale mengine?"

Nikamwambia yako mia moja na kumi na tisa, yote kama lile.

"Sasa umekaa hapa unanifanyia nini?"

Hakuwa amekasirika. Aliniuliza kama mtu anayetaka jibu. Nikanyanyuka nikatoka.

Ijumaa, 11 Aprili

Mbaraki. Barnabas amenizuia langoni. Ni mtu mwema, lakini ana kazi ya kulinda. Kasema wakala ametoa amri fundi yeyote asiingie bila barua, na hasa mimi. Kumbe Arnold ameshanitangulia. Nikampigia wakala simu. Akasema jumba limekaguliwa na aliyelijenga, na mimi natafuta kazi kwa kutisha watu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimesimama nje ya lango tangu asubuhi, nikizungumza na wapangaji wakitoka kwenda kanisani. Wengi hawakusimama. Mmoja kaniambia nina bahati kuna watu wanaoogopa Mungu, vinginevyo ningefukuzwa kwa mawe.

Aliyesimama ni Bi Naomi wa ghorofa ya nne, muuguzi mstaafu, Mgiriama wa Kaloleni, mama wa sauti ndogo anayesikiliza ameinamisha kichwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akamwambia Barnabas kwamba mimi ni mgeni wake na mgeni hahitaji barua. Barnabas akatazama pembeni, nikapita.

Sebuleni kwake nilikwangua silikoni kidogo pembeni mwa dirisha, nikachukua rula yangu ya chuma nikaisukuma katikati ya fremu na ukuta. Iliingia kama kisu kwenye mkate wa boflo, ikatokea upande wa pili, nje, juu ya maegesho ya magari. Bi Naomi akaishika mwenyewe, akaivuta, akaisukuma tena. Kisha akatazama kitanda kidogo cha mjukuu wake, chini ya dirisha lile lile.

Alikihamisha kitanda kwanza. Ndipo akaniuliza niko tayari kuyasema haya mbele ya jumba zima.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Ashley amerudi likizo na kalisoma daftari hili nilipokuwa kanisani. Nilipomfokea akasema tu kwamba kidato cha kwanza kingeweza kungoja mwaka mmoja. Sikula mchana.

Jumatatu, 21 Aprili

Mkutano umefanyika kwenye maegesho. Watu kama hamsini, viti vya plastiki, watoto juu ya boneti za magari. Mzee Kombe alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akakaa nyuma kabisa.

Bi Naomi alisema maneno mawili akanipisha. Niliyasema bila kuzunguka: skrubu nne badala ya boliti nane, povu badala ya saruji, sahihi ni yangu. Kelele zikaanza. Kuna aliyetaka niitiwe polisi hapo hapo. Kuna aliyetoa simu kunirekodi, nikamwambia asogee karibu asikie vizuri.

Aliyesimama mbele yangu ni Elvis, karani wa bandarini. Dirisha lililoanguka lilikuwa la sebule yake, na mpaka leo pale pamezibwa kwa ubao. Alisema asubuhi ile mkewe alikuwa ameegemea dirisha hilo dakika chache kabla, akimwita Nekesa amwekee viazi. Akasema kwa nini amruhusu aliyeharibu aje tena na drili yake nyumbani kwake.

Nilimjibu, "Kwa sababu mimi ndiye ninayejua palipoharibika. Fundi mwingine atapaka silikoni mpya juu ya ile yangu, na nyinyi mtaona inang'aa."

Hakuridhika. Aliondoka na mkewe. Lakini walipohesabiwa wanaotaka madirisha yao yafungwe upya, nyumba kumi na moja ziliinua mikono. Nimewaambia kazi ni yangu na ya Mzee Kombe bila malipo, wao waje na boliti tu. Mzee alinikazia macho kutoka kule nyuma, maana hakuulizwa. Halafu akatikisa kichwa, akaanza kukusanya viti.

Jumatano, 23 Aprili

Barua ya wakala imebandikwa langoni: hakuna mpangaji anayeruhusiwa kuondoa wala kubadilisha dirisha au mlango, na atakayekaidi atahamishwa. Nilidhani ndiyo mwisho. Bi Naomi aliivua miwani, akaifuta, akaisoma tena barua kwa sauti mbele ya majirani zake. Akasema, "Hatuondoi na hatubadilishi. Tunakaza."

Ijumaa, 25 Aprili

Tumeanza kwa Bi Naomi. Boliti thelathini na mbili za chuma kisichoshika kutu, kila moja urefu wa kiganja changu. Mzee Kombe anatoboa, mimi natia na kukaza. Povu la zamani tunalikwangua lote. Linatoka vipande vipande, laini na jeupe, na chini ya kila kipande namkumbuka mwanamke aliyekuwa mimi miaka miwili iliyopita, mwenye haraka ya kumaliza.

Madirisha manne leo.

Jumamosi, 26 Aprili

Sita.

Jumatatu, 28 Aprili

Saba. Barnabas amepigiwa simu na wakala mbele yangu, akaulizwa kama kuna fundi ndani. Akajibu kwamba hajaona fundi anayeondoa kitu. Kisha akaenda zake kufagia upande wa nyuma, na hakurudi mbele mpaka tulipofunga mabegi.

Nimekuwa nikimwona Barnabas kama ukuta tu. Leo nimejua kuwa ana watoto watano Rabai, na kwamba chumba anachokaa hapa chini akifukuzwa kazi hakipo tena.

Jumatano, 30 Aprili

Saba. Mkono wa kulia umevimba.

Ijumaa, 2 Mei

Redio zote zimetangaza: kimbunga kimejikusanya baharini, kusini mashariki, na kikishika njia kinayoishika sasa, ukingo wake utafika pwani yetu Jumatano. Watu wa maeneo ya chini waanze kujiandaa.

Nilipofika Mbaraki kulikuwa na foleni ngazini, ikinisubiri mimi. Nyumba kumi na tisa ambazo hazikuinua mikono siku ile zote zinataka leo, ila moja ya ghorofa ya tano isiyo na mtu. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Elvis. Hakunisalimu, wala mimi sikutaka kumlazimisha. Alinyoosha mfuko wa boliti, akasema mkewe ndiye aliyemtuma. Nikamwambia nyumba yake itakuwa ya kwanza.

Mchana gari la tangazo la Arnold limepita Makadara na spika juu: usingoje kimbunga, weka madirisha ya kuhimili dhoruba. Mzee Kombe akasimamisha randa yake mpaka gari likapita. Kisha akapiga simu Mji wa Kale, na saa tisa wakaja mafundi wawili aliowafundisha zamani, watu wazima na drili zao.

Jumamosi, 3 Mei

Ishirini na moja. Elvis alishika fremu kutwa nzima, kwake na kwa wengine.

Jumapili, 4 Mei

Arnold amekuja. Alikuwa na wakala na askari polisi mmoja. Nilikuwa ghorofa ya pili, nikasikia ngazi zimenyamaza. Nilipotoka nikaona wapangaji wameketi kwenye ngazi kutoka chini hadi nilipo, kina mama na ndoo zao, kina baba na magazeti, hakuna pa kuweka mguu. Hakuna aliyewatukana. Waliwasalimia vizuri tu, hawakusogea.

Arnold alizungumza kutoka chini, kwa sauti ile ile ya ofisini. Alisema naharibu mali ya watu na ameleta sheria. Askari akauliza nyumba niliyomo ni ya nani, mpangaji wake akasema anakaa humo yeye na ndiye aliyeniita. Askari akauliza kama kuna dirisha ambalo bado halijakazwa. Elvis akampisha, akampandisha hadi nyumba ya jirani. Askari aliweka viganja viwili kwenye fremu akasukuma, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu mlango wa choo. Fremu ikatoa mlio na silikoni ikapasuka juu mpaka chini. Aliondoa mikono haraka. Alishuka akamwambia wakala kwamba hapa haoni kosa la polisi, akaondoka.

Arnold akabaki. Nilishuka mpaka ngazi ya mwisho, watu wakinipisha.

"Umeliharibu jina langu, Mama Ashley."

"Lako silijui, Bwana Arnold. Kwenye ile karatasi kuna langu, na ndilo ninalolitengeneza."

Alinitazama mikono, imejaa vumbi la zege hadi kwenye viwiko. Nilidhani atasema jingine. Akaenda. Nilipopanda tena nilikaa kwanza kwenye ndoo ya mtu.

Jumatatu, 5 Mei

Ishirini na tatu.

Jumanne, 6 Mei

Nyumba zote zenye watu zimekwisha, mchana saa tisa. Imebaki ile tupu ya ghorofa ya tano, madirisha manne, juu kabisa na kona ya kusini kabisa. Ufunguo uko kwa wakala, na simu hapokei. Nilisema basi, tuzungushie kamba maegesho na tuhamishe magari. Bahari ilikuwa imegeuka rangi, kijivu kizito, na feri ya Likoni ilikuwa ikienda kwa kuyumba.

Tulipokuwa tunafunga kamba Barnabas akaja, akafungua kiganja. Ufunguo wa akiba. Alikuwa nao siku zote. Nikamwambia ajue anachofanya. Akasema, "Ninajua. Nilimwinua Nekesa mimi, na damu yake niliifagia mimi."

Tulipanda. Tulifunga mawili. La tatu tulilifunga upepo ukiwa umeshaanza kuingiza mvua kupitia ufa, na umeme ukakatika boliti ya mwisho ikiwa nusu, nikaimaliza kwa spana. La nne hatukuweza. Drili hazikuwa na moto tena. Tuliufunga mlango wa chumba kile, tukauzuia kwa kabati.

Jumatano, 7 Mei

Upepo ulianza saa moja asubuhi. Wapangaji wote walikuwa kwenye korido za kati, wamebeba magodoro. Nilikataa kurudi nyumbani. Ashley yuko kwa Bi Mejumaa Mji wa Kale, nyuma ya mabamba ya mvule, na Mzee Kombe yuko huko.

Sijapata kusikia upepo wa namna ile. Haukuwa na vipindi vya kupumzika. Uliegemea jumba kwa uzito mmoja, na vioo vikawa vinavuma. Maji yalisukumwa juu badala ya kushuka. Nilikuwa nikipita mlango kwa mlango, naweka kiganja kwenye fremu. Zilikuwa zinatetemeka pamoja na ukuta, na hilo ndilo nililolitaka, zitetemeke na ukuta, zisitetemeke peke yake. Kwa Bi Naomi mjukuu alinifuata hadi mlango wa sebule, akaniuliza kama dirisha linaogopa. Nikamwambia hapana, limeshikwa mara nane. Akahesabu boliti kwa kidole, akanirudishia hesabu: kweli nane.

Saa nne na nusu tukasikia mshindo juu, kisha kimya kifupi, kisha mshindo wa pili nje, chini. Hakuna aliyeuliza. Elvis aliyekuwa pembeni yangu akanishika mkono, akaushika mpaka upepo ulipoanza kuvunjika nguvu mchana.

Kimbunga chenyewe kilipita mbali baharini. Tulichopata ni ukingo wake.

Alhamisi, 8 Mei

Jua. Makuti, mabati na matawi barabara nzima. Mia moja na kumi na nane yako mahali pake, sikuyaamini macho yangu nikayapitia tena yote. Moja limelala kwenye maegesho matupu, ndani ya kamba, ubavu juu. Skrubu zake nne fupi bado ziko kwenye fremu na ncha zake zina povu tu, hata vumbi la saruji hazina. Wapangaji waliizunguka fremu ile bila kuigusa. Elvis aliipiga picha pande zote, akakaa kando yake na kiti mpaka mhandisi wa kaunti alipofika.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeandikisha maelezo mbele ya mhandisi. Aliniuliza mara mbili kama najua kwamba najitia hatiani. Nikamwambia najua, andika. Nilimpa na orodha ya majumba mengine manne ambayo mimi na Arnold tuliyafunga vile vile, matatu kisiwani na moja Nyali. Hayo hakuna aliyeniuliza.

Kibali changu cha kazi kimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Ofisi ya Arnold imefungwa, tangazo bado liko ukutani. Barnabas kafukuzwa asubuhi. Kufika jioni wapangaji walikuwa wamesema hawatamlipa kodi wakala yule mpaka arudishwe, na vitu vyake viko kwa Bi Naomi.

Jumatano, 14 Mei

Mtu wa Arnold kaja Makadara. Anasema nikiondoa maelezo, naye atasema karatasi ile ilighushiwa na fundi mwingine aliyeshahama mji. Sote tutoke wasafi. Nilimwacha amalize, kisha nikamwomba aandike hayo maneno kwenye daftari langu na atie sahihi. Alicheka, akaona sicheki. Mzee Kombe akamfungulia mlango.

Jumamosi, 17 Mei

Nekesa katoka hospitali. Amenitumia ujumbe kwa Bi Naomi nije Kibarani anakokaa, nije na drili. Kibali sina, lakini hii si kazi, nimeitwa na mtu.

Ni chumba cha matofali, bati juu, kimeelekea maji. Dirisha lilikuwa limening'inia kwa waya tangu kimbunga, na mlango alikuwa akiuzuia kwa jiwe. Anatembea kwa gongo, plasta bado. Alinipa kigoda, sikukaa. Nikapima, nikatoboa, nikatia boliti nane dirishani, na mlango nikautia bawaba tatu mpya na komeo lililoingia ukutani. Alikaa akinitazama mikono. Wakati mmoja alinionyesha kwa gongo tundu nililolitoboa kombo kidogo. Nikalitoboa upya.

Nilipomaliza alisimama, akaenda dirishani, akaegemeza bega lake zima na kusukuma kwa uzito wake wote, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akapumzika. Akasukuma tena. Nilitaka kumwambia aangalie nyonga yake, nikaona si mimi wa kumwambia.

Halikucheza.

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Alichukua gongo lake, akafungua ule mlango mpya, akatoka nje kwenye jua.

"Hapa jirani," akasema bila kugeuka, "kuna mama ana watoto wanne na dirisha lake ni gunia."

Nikabeba drili nikamfuata.